Kulifikia Paa Bila ya Kulipanda



Mada ya leo ni paa la karavani. Tunajua wako watakaocheka, maana mmezoea kusoma hapa habari za udi, za singo, za kukaa na wakwe. Lakini wako mabibi harusi wengi wanaotoka Unguja na Pemba kuwafuata waume zao Uingereza, na wengine wao hukuta pembeni mwa nyumba kijumba cha magurudumu mawili cha kuvutwa na gari. Bwana kakinunua mtumba, kakifunika turubai, anasema wakati wa joto likija tutakwenda nacho baharini. Bibi harusi anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kile kijumba kina paa, kwamba paa lile linataka kutizamwa, na kwamba ipo siku atajikuta yeye ndiye kashika ngazi.

Sisi ni mtu na dada yake. Tunakaa Uingereza na waume zetu na watoto, nyumba mbili mtaa mmoja, na karavani letu tunalimiliki kwa ubia. Ni dogo, la vitanda viwili na kiti kinachogeuzwa kitanda, urefu wake kutoka chini mpaka juu ni kama meta 2 na nusu, na upana meta 2. Tulilinunua kwa sababu moja tu: stara. Ukilala hotelini unahangaika na chakula, unahangaika na kuswali ukumbini watu wakikutizama, unahangaika na kutia udhu katika vyoo vya kuchanganyika. Ndani ya karavani jiko lako, sinia lako, maji yako, na mkeka wako wa kuswalia umetandikwa baina ya kabati na kitanda. Mtu akitaka kujifungua mtandio, anafunga pazia basi. Kwa mwanamke wa Kiislamu anayependa kusafiri na watoto, hatujaona raha mfano wa hii kwa pesa ndogo.

Na raha yote hiyo inakaa chini ya paa jembamba kuliko mnavyodhani.

Ukiligonga kwa vidole utasikia. Paa la karavani dogo la kawaida ni bati la alumini jepesi sana, au faibaglasi, limebandikwa juu ya fremu ya mbao nyembamba. Katikati mna povu la kuzuia baridi, na ndani mna plaiwudi ambayo ndiyo dari unayoiona ukilala. Limetengenezwa kuzuia mvua na upepo. Halikutengenezwa kubeba mtu, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kimesema wazi kwamba linabeba, na vitabu vya makaravani madogo aghlabu husema kinyume chake. Mtu akisimama juu yake bati hubonyea, povu huachana na bati, na viungo vya pembeni hufunguka. Labda hatatumbukia. Atateremka salama akidhani mambo ni mazuri, kumbe ameshaufungulia mlango uvujaji wa mwaka ujao. Madirisha ya paa nayo ni plastiki. Jua na baridi vikishayapiga miaka kadhaa huwa makavu kama ganda la yai, na anayeyakanyaga huingia mguu mzima.

Kwetu sisi habari ya paa si ngeni. Ami yetu alianguka juu ya bati huko nyumbani, siku chache kabla ya masika, akipigilia bati lililonyanyuliwa na upepo. Alikanyaga pasipo na papi. Alikaa kitandani miezi, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Kwa hivyo Mama aliposikia katika simu kwamba tunataka kushughulikia paa wenyewe, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Wanangu, paa si pahala pa mwanamke, wala pa mwanamme asiyekuwa fundi. Nimeshauguza mmoja, sitaki wa pili."

Neno la mzazi halipitwi hivi hivi. Na kwa hakika alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe, kwani Mtume wetu, rehema na amani ziwe juu yake, ametuonya juu ya kulala juu ya paa lisilokuwa na kizuizi pembeni; hadithi hiyo iko katika Sunan ya Abu Dawud. Mtu akiyafanya hayo amejitoa mwenyewe katika ulinzi. Ukilifikiria hilo vizuri, basi kusimama na ndoo ya maji ya sabuni juu ya paa la mviringo, linaloteleza, lisilo na ukingo hata wa kidole kimoja, ni jambo zito zaidi kuliko kulala.

Basi tukakubaliana na Mama juu ya jambo moja, nalo ndilo tunalotaka kila bibi harusi alichukue: hatupandi juu ya paa. Tunalifikia. Miguu yetu inabaki kwenye ngazi siku zote, na mikono ndiyo inayokwenda juu. Paa la upana wa meta 2 ukilishughulikia kutoka upande huu kisha upande ule, kila upande una meta moja tu ya kufikia, na burashi ya mpini mrefu inamaliza kazi hiyo bila ya wewe kuinama. Kile usichokifikia namna hiyo si kazi yako, ni kazi ya fundi mwenye majukwaa yake.

Sasa ngazi yenyewe. Watu wengi huanza na ngazi ndefu ya kuegemeza, ile ya kupandia mnazi kwa mfano, wakaiegemeza ubavuni mwa karavani. Sisi hatuegemezi kitu. Ubavu wa karavani ni ule ule ubati mwembamba, ncha za ngazi huubonyeza, na ngazi yenyewe huteleza kwenye ukingo wa mviringo. Tulinunua ngazi ya kusimama yenyewe kwa miguu minne, ya alumini, ya vidato vitano, ambayo kidato cha juu kabisa ni jukwaa dogo la kusimamia na mbele yake mna kishikio kinachofika mapajani. Ukisimama pale miguu yako iko kama meta moja na robo juu ya ardhi, na macho yako yanaliona paa lote. Tizameni kibandiko cha ubavuni mwa ngazi: kikiandikwa EN 131 maana yake imetengenezwa kwa kipimo cha Ulaya na inabeba kilo 150, mtu pamoja na vitu alivyovishika. Ngazi ya kuazima kwa jirani iliyopinda mguu, irudishieni kwa jirani.

Idara ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, ina maelekezo ya ngazi ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma bure, na tunayapenda kwa sababu hayana maneno mengi. Kazi ya ngazini isizidi nusu saa kwa wakati mmoja. Usishike kitu kizito, mpaka kilo 10 basi. Viungo vitatu viwe vimegusa ngazi kila wakati, miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja unapopanda. Kitovu chako kisitoke nje ya nguzo mbili za ngazi. Ukiona kinatoka, teremka uisogeze ngazi. Hili la mwisho ndilo linaloangusha watu, kwa sababu uvivu wa kuteremka mara moja zaidi unamshika kila mtu. Na ngazi ielekee kazi yako, usisimame ubavu ukajinyonga kiuno. Ikiwa ngazi yako haina kishikio cha juu, vidato viwili vya juu visikanyagwe. Wako wenye ngazi ya kuegemeza na watataka kuitumia kwenye ukuta wa nyumba: kila hatua nne za kwenda juu, hatua moja itoke nje, yaani ukiegemeza pahala pa meta 2 na sentimita 40, mguu wa ngazi ukae sentimita 60 mbali na ukuta.

Kabla ya ngazi kufunguliwa, karavani lenyewe litulizwe. Breki ya mkono ivutwe, kabari zitiwe mbele na nyuma ya matairi, kisha ile miguu minne ya pembeni iteremshwe ikamate ardhi. Miguu hiyo ni ya kulituliza tu, si jeki, usiinulie karavani kwayo. Ardhi iwe ngumu na sawa; kwenye majani mabichi mguu mmoja wa ngazi huzama taratibu nawe huna habari. Tizama juu pia, isije ikawa mna waya wa umeme na wewe umebeba ngazi ya alumini. Na asubuhi ya umande, siku ya upepo, siku ya barafu, paa linasubiri. Halina haraka hata siku moja.

Tuje kwenye mavazi, maana najua hapa ndipo wengi wenu mlipokuwa mkituuliza moyoni. Buibui refu na ngazi haviendi pamoja. Pindo linanasa chini ya kisigino chako mwenyewe unapoteremka, na kuteremka ndiko kunakoangusha zaidi kwa sababu huoni unapokanyaga. Lakini hatukuona haja ya kuchagua baina ya stara na usalama. Tulishona suruali pana za kitambaa kizito, juu yake kanzu inayoishia magotini, iliyopasuliwa pembeni ili goti lipate kunyanyuka, na mikono yake ina lastiki. Mtandio tunautia ndani ya kanzu, hauningʼinii popote, na badala ya pini tunatumia ule wa kuvaa kichwani moja kwa moja. Majirani wanapita na mbwa wao, wanasalimia, na sisi tuko juu ya ngazi tumesitirika kutoka utosini mpaka kifundoni. Viatu viwe vya kufunga, vya soli ya mpira. Ndara ziacheni mlangoni.

Na pete. Bibi harusi, pete ile iliyovishwa juzi, vua. Tunasema kwa msisitizo kwa sababu tunajua ilivyo tabu kuivua mwezi wa kwanza. Pete ikinasa kwenye ukingo wa bati au skurubu wakati mguu umeteleza, uzito wa mwili wote unaning'inia kwenye kidole kimoja, na madaktari wa mikono wanayajua vizuri majeraha hayo. Bangili pia. Hina iacheni, haina neno.

Funga nayo ina hukumu yake kwenye ngazi. Ramadhani hatugusi paa baada ya adhuhuri, na tukiweza hatuligusi mwezi mzima, kwa sababu kizunguzungu cha alasiri hakipigi hodi. Mwenye mimba asipande hata kidato cha pili. Wakati mmoja wetu alipokuwa mjamzito, kazi yake ilikuwa kushika ngazi kwa wiki za mwanzo tu, kisha akawa mpiga picha wa kukaa kitini, na hakupungukiwa na kitu.

Kushika ngazi ni cheo, msikidharau. Kuna mafundisho, nayo pia yamo katika Abu Dawud, kwamba wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Sisi tumeyapeleka kwenye ngazi: amiri ni yule aliyeko chini. Yeye ndiye anayeona miguu ya ngazi, anayeona kitovu kimetoka nje, anayeona wingu linakuja. Akisema teremka, unateremka kwanza, mnabishana baadaye. Sheria hii ina faida kubwa zaidi kwa walioolewa karibuni. Mume wako akitaka kukwea kwa viatu vya ndani akisema ni dakika moja tu, wewe uliyeshika ngazi ndiye amiri wake. Sema kwa upole, lakini sema. Hatujaona mume aliyekasirika kwa kuambiwa na mkewe kwamba anamtaka arudi chini mzima.

Tueleze sasa kilichotupeleka juu. Majira ya mvua ya mwaka juzi tuliona doa juu ya kitanda, pembeni kwa mbele, rangi ya chai ya maziwa, na godoro likanuka uvundo. Watoto wetu mmoja ana pumu. Kuvu ya karavani si uchafu wa kufuta na kusahau. Maji yakishaingia baina ya bati na plaiwudi, fremu ya mbao huoza kimya kimya, na mtu hugundua siku ubao unapobonyea kama mkate. Tulinunua kipima unyevu, kidude kidogo cha sindano mbili. Makaravani kwa kawaida yakisoma chini ya asilimia 15 watu hulala usingizi. Baina ya 15 na 20 unalitizama kwa karibu. Likipita 20 kuna maji yanaingia. Letu pale kwenye doa lilisoma 24.

Maji hayashuki pale pale yanapoingilia, hufuata mbao na kutokea pengine kabisa. Kwa hivyo mmoja akakaa ndani na tochi, mwengine nje na mpira wa maji, maji ya taratibu, akianzia chini ubavuni, dakika chache kila pahala, akipanda juu kidogo kidogo. Ukianzia juu maji hupita kila pahala na hutajua lipi ni tundu. Maji yalipofika kwenye taa ndogo ya alama iliyo juu kwenye kona ya mbele, mwenzetu wa ndani akagonga dirisha. Taa ile imeshikwa na skurubu mbili, na nyuma yake mna gundi ya kuzibia iliyokuwa laini siku ya kwanza. Ikishakaa miaka mingi hukauka, ikapasuka.

Kazi yenyewe ni ndogo na ilitosha ndani ya nusu saa mbili. Tulizima umeme wa volti 12, tukaitoa taa, tukakwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki badala ya kisu ili bati lisichubuke, tukalisafisha kwa spiriti na kuliacha likauke kabisa. Kisha tukaweka mkanda wa butili, ule mweusi unaonata kama ulimbo, tukairudisha taa kwa skurubu mpya zisizoshika kutu, na butili iliyotoka pembeni tukaikata. Muuzaji mmoja alitaka kutuuzia silikoni ya bafuni. Msiikubali. Ile yenye harufu ya siki inakula alumini, na silikoni ikishakauka hakuna gundi nyengine itakayoshika juu yake, mpaka uikwangue yote. Dada zetu walioko Marekani na Kanada, paa zenu nyingi zimevikwa ngozi ya mpira, EPDM au TPO, na dawa zake ni mbali; EPDM msiioshe kwa kitu chochote chenye mafuta ya petroli, inavimba. Someni kitabu cha trela lenu kabla hamjagusa.

Unyevu haukutoka siku ile. Tuliacha madirisha wazi siku za jua, tukaweka mashine ya kukausha hewa, tukapima kila Ijumaa baada ya swala. Ilichukua zaidi ya mwezi.

Jambo moja hatutaki mlipite haraka. Juu ya paa mna matundu ambayo yameachwa makusudi. Kuna vikofia vya plastiki vya kupitishia hewa, na katika makaravani mengi kuna dohani ya hita ya gesi. Mtu anayetafuta tundu la mvua, au anayehisi baridi usiku, huona upepo unaingia pale akaziba kwa gundi au kwa kitambaa. Asifanye! Jiko na hita zinakula hewa na zinatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu wanaolala wakiivuta huenda wasiamke. Kila mkiosha paa hakikisheni vikofia hivyo viko wazi, havina majani wala kiota cha ndege, na ndani ya karavani mna king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri nzima. Ikiwa bibi harusi hana pesa ya kununua kitu kingine chochote katika haya tuliyoyataja, anunue king'ora.

Kuosha ni rahisi. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, tunaosha kwa burashi laini na sabuni ya gari. Uingereza ina ukoga wa kijani unaoota juu ya kila kitu kisichopata jua, na ukiuachia unajificha kwenye viungo na kushika maji. Mashine ya maji ya presha hatuitumii karibu na viungo wala madirisha, inasukuma maji pale pale tunapoyakimbia. Vinyesi vya ndege tunavilowesha kwanza, tusivisugue vikavu. Na kwa kuwa wengi wetu ni Mashafi, kwetu ni najisi, basi nguo ya paa inabadilishwa kabla ya swala. Tunaining'iniza nje kabisa isichanganyike na nyengine. Miti mizuri ya kivuli ndiyo inayoleta ndege na utomvu, hivyo karavani liegesheni mbali nayo.

Katikati ya paa, pale penye dirisha kubwa, hatufiki kwa mkono. Pale tunapapiga picha kwa simu iliyofungwa kwenye fimbo, pahala pale pale, Machi na Oktoba, kisha tunazilinganisha: ufa mdogo kwenye gundi unaonekana mapema sana. Tukiuona tunamwita fundi. Uingereza wako mafundi walio katika mpango unaoitwa Approved Workshop Scheme, wanakaguliwa, na baadhi yao huja mpaka nyumbani. Hilo nalo tunawaambia mabibi harusi bila ya haya: pesa ya fundi wa paa iwekwe kwenye hesabu ya nyumba tangu mwanzo, kama ya bima. Anayesema mke wangu au mimi tutakwea tu kuokoa pesa, hajamuona ami yetu akiinuka kitini.

Theluji ikianguka tunaisukuma kwa burashi ya mpini mrefu tukiwa chini, na ikiwa haifikiki inaachwa iyayuke.

Mama tulimpelekea video. Mmoja juu ya jukwaa la ngazi na burashi, mwengine chini kashika, suruali pana, mitandio ndani ya kanzu. Aliitizama mara mbili, tunajua kwa sababu alipiga simu baada ya muda. "Hapo mmepanda nini? Mimi nasimama juu ya kigoda kirefu kuliko hicho nikitundika mapazia." Kisha akataka kujua suruali zile tumeshonesha kwa nani, na kitambaa yadi ngapi.

Zilikwenda yadi tatu kila moja, kwa mwanamke wa kimo cha kawaida. Juzi, kabla ya kulifunika karavani kwa ajili ya baridi, tulipima tena ile kona ya juu ya kitanda. Ilisoma 13.